Anza na Shingo: Kununua, Kupiga na Kuuza Gitaa la Besi Ukiwa Mtwara

Gitaa langu la kwanza la besi nililinunua kwa picha. Lilikuwa jekundu, linang'aa, lina jina kubwa kichwani. Muuzaji alikuwa Dar es Salaam, mimi Mtwara, na picha alizonitumia zilikuwa nne, zote za mbele. Lilipofika stendi nililifungua pale pale juu ya benchi la abiria. Nikabonyeza uzi mnene kwenye freti ya saba (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatisha shingo), ukatoa mlio wa bati. Freti ya tisa, bati. Nikaliinua hadi usawa wa jicho, nikafumba jicho la pili na kuitazama shingo kwa urefu wake kama seremala anavyotazama ubao. Ilikuwa imejinyonga kama mkanda wa ngozi uliolowa ukakaukia juani. Shingo ya namna hiyo haitengenezeki kwa pesa ambayo mtu wa kawaida yuko tayari kuitoa, na mimi yangu nilikuwa nimeshaitoa yote.

Tangu hapo nimenunua mengine matatu na kuuza mawili, na kila mara naanza na shingo. Rangi unaweza kupiga upya. Nyuzi, pikapu (zile sumaku zinazodaka mtikisiko wa nyuzi), hata daraja linaloshika nyuzi upande wa chini, vyote vinabadilishika. Shingo mbovu ikishakufikia ni yako.

Nawaandikia watu kama mimi. Mchana nauza vifaa vya ujenzi. Mwingine ana darasa, mwingine ana zamu hospitali. Jioni tunashika besi kwa sababu tunaipenda. Tunapiga harusini Jumamosi, kanisani Jumapili, na siku nyingine barazani peke yetu tukiwa na hedifoni. Huku kusini mafundi wa magitaa ni wachache, basi mengi inabidi uyajue kwa mikono yako mwenyewe.

Hatua ya 1: Amua besi ni ya kazi gani

Besi ya kawaida ina nyuzi nne: E, A, D na G, kuanzia ule mnene. Uzi wa E ukiachwa wazi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, ndiyo maana mtu anausikia kifuani kabla hajausikia masikioni. Urefu wa uzi, kutoka kidaraja cha juu (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi pale karibu na kichwa) hadi daraja la chini, ni inchi 34 kwenye besi nyingi. Zipo fupi za inchi 30, zinawafaa watoto na wenye viganja vidogo. Zipo za nyuzi tano zenye B ya chini. Kama unaanza, nyuzi nne zinakutosha kwa miaka mingi.

Maumbo utakayokutana nayo zaidi ni mawili, hata kama kichwani pameandikwa jina la kampuni nyingine. La kwanza ni la Precision, besi ambayo Leo Fender aliitoa Marekani mwaka 1951, wakati wapiga besi wengi walikuwa bado wanabeba lile zeze kubwa la kusimamia. Aliiwekea freti ili noti iangukie mahali pake barabara, na jina lake likatoka humo. La pili ni la Jazz Bass, ya mwaka 1960. Precision ya leo ina pikapu moja iliyokatwa vipande viwili, sauti yake nzito na iliyotulia. Jazz ina pikapu mbili, na shingo yake ni nyembamba pale juu, kama milimita 38, wakati Precision hufika 41 na kuendelea. Kwa kanisani na harusini mimi nampa anayeanza umbo la Precision bila kusita: halina mengi ya kuchezea, unageuza sauti, unapiga.

Hatua ya 2: Tafuta, na utafute kwa majira

Kariakoo ndiko kwenye maduka mengi ya ala, na kama una ndugu Dar mwenye sikio, mtume. Lakini usiiache kusini. Kwaya na bendi za harusi za Mtwara, Lindi, Masasi na Ndanda zina magitaa yaliyolala, na wenyewe hawajui kama kuna mtu anayahitaji. Nenda baada ya ibada, mwone mwalimu wa kwaya, muulize kwa heshima. Besi yangu ya tatu niliipata hivyo.

Majira yana maana kuliko watu wanavyodhani. Mikoa hii inaishi kwa korosho. Kati ya Juni na Agosti watu wanalipa vibarua, wanapulizia mikorosho dawa ya salfa, mifuko imekauka; huo ndio wakati ambao mtu anatoa gitaa uvunguni na kulitafutia mteja. Minada ikianza Oktoba na malipo yakaingia kwenye akaunti, anayetaka kununua ni kila mtu na bei zinapanda. Januari ada za shule zinarudisha magitaa sokoni. Kwa hiyo nunua wakati wa salfa, uza wakati wa mnada. Ila usimbane mtu mwenye shida hadi akuachie kwa bei ya kutupa. Mji ni mdogo, na kesho wewe na yeye mtakuwa jukwaa moja.

Hatua ya 3: Kagua

Nenda mchana. Beba waya wa jeki, hedifoni na kiampli kidogo kama unacho, betri ya volti 9, rula ya chuma, seti ya funguo za pembe sita, na simu yenye programu ya kutyuni. Mwambie muuzaji mapema kwamba utakaa nusu saa.

Shingo kwanza. Inua gitaa, weka jicho lako kichwani na utazame kuelekea daraja. Kingo mbili za shingo, ya kushoto na ya kulia, zinatakiwa ziende sambamba. Ukingo mmoja ukipanda wakati mwingine unashuka, shingo imejinyonga: shukuru, agana, ondoka. Kama kingo ziko sambamba lakini shingo yote imepinda kidogo kama upinde, usiogope. Upinde wa mbele kidogo unahitajika, na unarekebishika.

Upime hivi. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine. Uzi umekuwa rula. Sasa mwenzako atazame freti ya saba au ya nane: kati ya uzi na freti papite kadi ya biashara, kama milimita 0.3. Ikipita kadi ya benki na nafasi ikabaki, upinde umezidi. Uzi ukigusa freti kabisa, shingo imepinda nyuma. Hapo muulize muuzaji ufunguo wa ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, na umwombe ruhusa ya kuijaribu robo mzunguko tu. Fimbo ikizunguka kwa ulaini na shingo ikaitikia, una gitaa. Ikiwa imekwama, au kichwa cha nati kimeliwa hadi kimekuwa mviringo, bei ishuke sana au uache.

Pili, freti. Precision na Jazz za kawaida zina freti 20. Nyuzi nne mara freti 20 ni sehemu 80, na zote 80 uzipige, moja moja, polepole, bila ampli. Nina hakika muuzaji atachoka. Mwache achoke. Unasikiliza milio ya bati, noti zinazokufa upesi, na freti zilizochimbika mashimo chini ya nyuzi. Noti moja inayokufa kidogo kwenye uzi wa G, karibu na freti ya tano hadi ya saba, ni ugonjwa wa kawaida hata kwa besi za bei kubwa, isikutishe. Bati mfululizo kwenye freti tatu nne za jirani ndilo la kukimbia.

Tatu, chuma. Hapa ndipo gitaa la pwani linapotofautiana na gitaa la Dodoma. Hewa ya chumvi inakula skrubu za daraja hadi zisizunguke tena, zile ndogo za kupandisha na kushusha kila uzi. Ingiza ufunguo katika kila moja uone kama inazunguka. Kule Lindi nilikwenda kumwona mzee mmoja aliyekuwa akiuza besi yake baada ya vidole kuanza kumuuma. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, naomba nilitazame kwanza." Akaniitikia, "Marahaba. Litazame, njomba, halina haraka. Na hizo skrubu za uzi wa G usizisumbue, zimeganda tangu masika ya mwaka juzi." Hakungoja nimuulize. Nilimlipa alichotaka, maana muuzaji anayekuonyesha kutu yake mwenyewe hajakuficha jingine.

Nne, umeme. Chomeka, zungusha kila kitasa. Kukwaruza kidogo ni vumbi, dawa ya kusafishia vitasa inamaliza. Tikisa jeki: sauti ikikatika, fundi redio yeyote atalehemu upya kwa bei ndogo. Kwenye umbo la Jazz, fungua pikapu zote mbili hadi mwisho, halafu funga moja. Mngurumo ukianza hapo ndivyo lilivyo, pikapu mbili hufutiana kelele zikiwa pamoja. Sasa ondoa mikono kwenye nyuzi, kisha uziguse. Kelele ikipungua ukigusa, waya wa ethi wa daraja uko salama. Kama gitaa linatumia betri, weka ile yako ya volti 9. Wengi hununua gitaa "bovu" lililoishiwa betri tu, na wengine huuziwa gitaa bovu kweli kwa maneno ya "ni betri tu". Betri yako mfukoni inakata ubishi.

Jina la kichwani liwe la mwisho. Stika za majina makubwa zimezagaa. Squier ni chapa halali ya Fender ya bei nafuu, Yamaha TRBX174 na Ibanez GSR200 ni za kuanzia zinazoaminika, lakini lipia kile ambacho mikono yako imekigusa.

Na uliza limetoka wapi. Vyombo huibwa makanisani na kwenye kumbi, hilo lipo. Muuzaji halali ataandika bila kinyongo: majina yenu, namba ya gitaa kama ipo, bei, tarehe, na shahidi mmoja. Akikataa kuandika, mrudishie gitaa lake mkononi.

Hatua ya 4: Bei

Usijadili bei ya gitaa, jadili bei ya gitaa linalopigika. Tuseme anataka 400,000. Nyuzi zimeoza, unahitaji seti mpya. Jeki inakatika. Huna mfuko wa kulibebea. Yaandike matatu hayo kwenye karatasi mbele yake, kila moja na gharama yake, ujumlishe, uone ni kiasi gani utabaki ukidaiwa na gitaa lenyewe kabla ya kupiga noti ya kwanza. Nimeona karatasi ikishusha bei kuliko maneno ya nusu saa, na bila kumdhalilisha mtu.

Acha pesa ya nyuzi pembeni tangu mwanzo. Seti ya kawaida ni ya 45 hadi 105, huo ni unene wa nyuzi kwa sehemu za elfu moja za inchi. Gitaa la wastani lenye nyuzi mpya na shingo iliyonyooshwa vizuri litalishinda gitaa la gharama lenye nyuzi za miaka mitano.

Hatua ya 5: Lisafirishe

Kutoka Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, na buti la basi lina joto, vumbi na ndoo za samaki. Legeza nyuzi kidogo, noti moja au mbili, usizifungue zote. Kunja fulana uiweke chini ya kichwa cha gitaa ndani ya mfuko, kwa sababu likianguka chali ndipo kichwa kinapovunjika. Kama una mtu anayesafiri, alipe siti aingie nalo ndani. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara pale Somanga, rafiki yangu alikuwa na ampli kwenye gari lililokwama. Ilifika na maji ndani. Wakati wa mvua kubwa, subiri.

Hatua ya 6: Liseti

Gitaa likifika, lilaze ndani siku mbili lizoee hewa ya hapa. Kisha fuata mpangilio huu, wala usiuruke, kwa maana kila hatua inaharibu iliyo baada yake: nyuzi, shingo, kimo cha nyuzi, intonesheni (noti kuwa sahihi shingo nzima).

Badilisha nyuzi mojamoja. Tyuni. Kama maiki ya simu haiusikii vizuri uzi wa E, gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, utoe ile sauti ya kengele. Simu itaidaka mara moja.

Shingo: ukitazama nati ya fimbo uso kwa uso, kuzungusha kulia kunakaza na kunanyoosha upinde, kushoto kunalegeza na kuurudisha. Robo mzunguko, tyuni tena, subiri, pima tena kwa kadi. Tumia ufunguo unaokaa sawasawa. Magitaa mengi ya Asia ni milimita 4 au 5, ya Marekani hupimwa kwa inchi, na ufunguo unaokaribiana ndio unaoila ile nati. Ikigoma usilazimishe.

Kimo: kwenye freti ya 12, pima kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Mimi huweka milimita 2.5 kwa uzi wa E na 2 kwa G. Anayepiga kwa nguvu aongeze kidogo.

Intonesheni: piga ile sauti ya kengele ya freti ya 12, halafu bonyeza freti hiyo hiyo upige kawaida. Sauti ya kubonyeza ikiwa juu, sogeza kikalio cha uzi pale darajani nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Kama zinalingana, umemaliza.

Kidaraja cha juu ndicho nilichojifunzia uzuri wa kuishi huku. Cha plastiki kilipasuka, mfereji wa uzi wa A ukaliwa, na Mtwara nzima sikupata kingine. Nikampelekea fundi wa vinyago wa Kimakonde kile cha zamani kikiwa kwenye karatasi. Akakigeuza mara mbili, akachukua kipande cha mpingo kilichokatwa pembeni ya kinyago, akakidondosha kwenye kopo la maji ili nione: kikazama moja kwa moja hadi chini. "Huu haulali juu ya maji," akasema, "na uzi wako hautaula leo wala kesho." Alikipiga msasa hadi kikang'aa kama jiwe la mtoni, mimi nikachonga mifereji kwa kipande cha uzi wa zamani uliokwaruza kama tupa, kidogo kidogo, nikijaribu kila baada ya mikwaruzo kumi. Kipo hadi leo. Mpingo unaotengenezewa klarineti, zile zumari za Ulaya, unaota hapo jirani Lindi, na sisi tunaagiza plastiki.

Hatua ya 7: Pigana na chumvi

Kila ukimaliza kupiga, pitisha kitambaa cha pamba kikavu juu ya nyuzi na chini yake pia. Dakika moja. Jasho pamoja na hewa ya bahari vinaua seti ya nyuzi kwa wiki chache. Tone la mafuta ya cherehani kwa ncha ya kijiti kwenye kila skrubu ya daraja, mara moja kwa miezi mitatu. Vile vipakiti vya chembe nyeupe vinavyokuja na viatu usivitupe, viweke ndani ya mfuko wa gitaa. Mafuta ya nazi usipake kwenye mbao ya vidole, yanachacha na kunasa uchafu.

Shingo itatembea. Kaskazi ikiingia na unyevu wake, mbao hujaa. Kusi ikivuma miezi ya baridi, hukauka. Mimi hupima kwa kadi Desemba na Juni.

Nyuzi zikififia na pesa haipo, zichemshe. Zifungue, zikunje duara, ziache kwenye maji yanayotokota dakika kumi, zikaushe kabisa kwa taulo na jua. Uchafu ulioganda kwenye mizunguko unatoka na mlio unarudi kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili. Sufuria isiwe ya kupikia.

Hatua ya 8: Piga

Kaa kwenye kiti kisicho na mikono. Kidole gumba cha mkono wa kulia kipumzike juu ya pikapu. Piga kwa kidole cha shahada na cha kati kwa kupokezana, kama mtu anayetembea, na kila kidole kikishavuta uzi kiangukie kwenye uzi wa jirani na kutulia hapo. Kutulia huko ndiko kunakonyamazisha uzi usiohitajika. Mkono wa kushoto, gumba nyuma ya shingo, vidole vibonyeze karibu kabisa na freti, nyuma yake tu. Ukibonyeza katikati ya freti mbili utatumia nguvu maradufu na bado bati litasikika.

Tafuta mdundo wa 60 kwa dakika kwenye simu. Piga noti moja, uzi wa E freti ya tatu, kwa kila mdundo, dakika tano. Unajifunza kuanza noti, na zaidi unajifunza kuimaliza. Noti ya besi isiyokatwa kwa wakati inachafua wimbo mzima, na wanaokusikiliza hawatajua ni nini kimewakera.

Kama umekulia kwaya, una mtaji: unajua solfa. Wimbo ukiwa wa G: do ni uzi wa E freti ya tatu. Fa ni uzi wa A freti ya tatu, moja kwa moja chini yake. So ni uzi wa A freti ya tano. Mi ni uzi wa A freti ya pili, na do ya juu ni uzi wa D freti ya tano. Kwa do, fa na so peke yake utasindikiza mapambio mengi sana. Mwimbishaji akipandisha hadi A, hutafuti upya. Umbo lote linasogea freti mbili mbele. Mazoezi yangu ya miezi sita ya mwanzo yalikuwa hayo tu: mama anaimba jikoni, mimi barazani namtafutia do yake.

Halafu msikilize mpiga ngoma. Anayecheza sindimba anafuata ngoma kwa kiuno, hafuati sauti ya mwimbaji, na besi inakaa mahali hapo hapo, kati ya ngoma na kiuno. Kwenye drum za kisasa, kiki, ile ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu, ndiye ndugu yako: mguu wa mpigaji ukigonga nawe uwe umegonga. Sebene ikifika mikono itawasha, utataka kukimbia na solo. Acha mapengo. Piga maneno matatu, nyamaza, piga mawili. Watu huanza kucheza kwenye lile pengo.

Neno kuhusu ampli. Sabufa ya nyumbani itakubali besi kwa sauti ya chini, ukiipandisha itapasua karatasi ya spika. Ampli ya kinanda inafaa. Ya gitaa la solo inafaa chumbani tu. Kumbi nyingi na nyumba za zamani soketi zake hazina ethi inayofanya kazi, na jenereta za harusi ndiyo usiseme. Kabla ya kuimba huku umeshika besi, gusa wavu wa maiki kwa nyuma ya kidole. Ukihisi umeme hata kidogo, usiweke mdomo, mwite fundi umeme kwanza.

Hatua ya 9: Uza

Utauza, kwa sababu mkono wako utakua. Anza kwa kulisafisha na kuliseti, nyuzi zinazosikika, kisha lipige picha asubuhi kwenye ukuta mweupe, bila vichujio. Mbele, nyuma, kichwa, daraja, na picha moja ukilitazama shingo kwa urefu, ile niliyonyimwa mimi. Weka rula ya chuma kwenye freti ya 12 upige na hiyo. Video ya nusu dakika: nyuzi wazi, halafu freti zote za uzi wa E. Andika kasoro zake kabla ya sifa zake. Kasoro uliyoitaja hupunguza bei mara moja. Uliyoificha itakurudia kila Jumapili kanisani.

Kutaneni mahali penye umeme na watu. Mwache apige sehemu zake 80. Pesa ikija kwa simu, usisome meseji anayokuonyesha wala iliyotoka namba ya mtu. Fungua salio lako mwenyewe uione imeongezeka, ndipo uachie. Mteja wa mbali alipe kwanza pamoja na nauli ya mzigo, nawe umtumie picha ya risiti ya basi na namba ya gari saa hiyo hiyo. Andikianeni karatasi, kila mmoja nakala yake.

Kabla hajaondoka, mwonyeshe jinsi ya kupima kwa kadi. Mpe nyuzi za akiba kama zipo, mpe ile kadi, na umpe ufunguo wa shingo mkononi. Mimi niliutafuta wa gitaa langu la pili kwa wiki saba.